Herufi Yenye Mgongo

Fundi aliinyoosha bila kuulizwa. Nilikuwa nimemwachia umbo dogo la waya, ile waya laini ya kufungia nondo, nililolikunja mwenyewe usiku kucha. Nikavuka barabara kutafuta chai, na niliporudi kwenye kibanda chake cha kuchomelea, hapa Kitale, nikakuta kile kipande kilichochomoza upande wa kushoto kimerudishwa ndani kwa koleo, taratibu, kama mama anavyomfunga mtoto kifungo cha shati.

“Ilikuwa imepinda, Mwalimu,” akaniambia. “Nimekuwekea sawa.”

Sikuweza kumlaumu. Maisha yake yote ni mageti na madirisha, na kwenye geti kitu kinachochomoza ni kosa, kitachana nguo ya mtu. Tatizo ni kwamba kile kipande ndicho kilichokuwa kikitenganisha silabi moja na nyingine. Fundi alilifuta neno ambalo hakujua kuwa ni neno. Nami, nikisema kweli, nilikuwa nimelijua kwa siku nne tu.

Nilichokuwa nikitengeneza ni mfano wa sanamu ya kusimama nje, kwenye mvua na jua, iliyotokana na hati inayoitwa Mandombe. Nimeulizwa mara nyingi, Kitale na hata nyumbani Bungoma, kuna ugumu gani katika kuchukua herufi za watu wengine na kuzigeuza chuma. Si maumbo tu? Unakuza, unakata, unachomelea. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni refu kidogo, kwa sababu ugumu haupo pale watu wanapoutafuta. Haupo kwenye chuma.

Kwanza hiyo Mandombe. Mwaka 1978, huko magharibi mwa Kongo, mtu aitwaye Wabeladio Payi aliona jambo kwenye ukuta wa matofali. Kwa maelezo yake mwenyewe, viungo vya saruji kati ya tofali na tofali vilimjia kama tarakimu mbili zenye pembe kali: 5 na 2. Yeyote aliyewahi kukaa mbele ya ukuta usiopigwa lipu anaweza kuzitafuta leo jioni. Zipo, zinajirudia kila safu. Kutokana na maumbo hayo mawili alijenga hati nzima, na inatumika kuandika Kikongo, Kilingala, Kiluba na Kiswahili pia. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuandika jina la Kitale kwa herufi ambazo karibu hakuna mtu wa Kitale atakayezisoma.

Kwa mtu anayewaza chuma, hati hii ni zawadi. Haina mkunjo hata mmoja. Herufi za Kiarabu zingenilazimu nipashe chuma moto na kukikunja kwenye kiunzi, nikiomba mikunjo miwili ifanane. Mandombe inataka bomba la mraba, lile mafundi wanaloliita tubu, greinda, na pembe ya nyuzi 90. Fundi yeyote wa mageti anayo mikono ya kazi hiyo. Ndiyo sababu niliichagua, na ndiyo sababu iliniponyoka, maana mikono hiyo hiyo ina mazoea yake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Anayesoma hati fulani hajui maumbo yake tu. Anajua pia ni kipi katika umbo kinachosamehewa na kipi hakisamehewi. Chukua herufi a ya kitabuni, yenye paa juu, na a ya mkono ambayo ni duara lenye mkia. Kwa mtu asiyezijua, hizo ni alama mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Kwetu ni kitu kimoja, na mtoto wa darasa la kwanza hupita kutoka moja hadi nyingine bila kujikwaa. Sasa chukua b na d. Ni umbo lile lile kabisa, limegeuzwa tu, na hapo hatusamehe. Hakuna kitu kwenye umbo lenyewe kinachokuambia kwamba tofauti kubwa ile si kitu na tofauti ndogo hii ni kila kitu. Hiyo ni habari inayokaa kichwani mwa wasomaji. Mchongaji anayenakili kwa macho huipata sura ya herufi bila habari hiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki Afrika. Katika karne ya nane, Offa, mfalme wa Mercia huko Uingereza, alitoa sarafu ya dhahabu iliyoiga dinari ya makhalifa Waabbasi ya mwaka wa 157 Hijria, yaani 774 Miladia. Aliyeikata alifuata maandishi ya Kiarabu kwa bidii, akaacha humo hata maneno ya kukiri kwamba Mungu ni mmoja na Muhammad ni Mtume wake, kisha katikati akatia jina la mfalme wake Mkristo kwa Kilatini. Ila ukiiweka sarafu ili jina la Offa lisimame wima, Kiarabu kinakaa miguu juu. Mkata sarafu yule alikuwa na mkono mzuri. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumwambia juu ni wapi.

Weka kando ya sarafu hiyo kibla cha msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, chenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Ni mwandiko wa Kiarabu wa Kufi, wenye maua, uliochongwa kwenye jiwe la matumbawe. Ncha za herufi zimechipua majani na vikonyo, na mwenye macho ya haraka anaweza kudhani kwamba ni pambo tupu. Lakini maandishi yale yanasomeka. Aliyechonga, au aliyesimama nyuma yake, alijua ni wapi jani linaweza kuota bila kuligeuza neno. Mtu asiyesoma angeogopa kuongeza jani hata moja, au angeongeza ovyo.

Nimesema Kiarabu kingenitesa kwa mikunjo, lakini mateso halisi yangekuwa kwenye nukta. Ba, ta na tha zina mwili mmoja. Kinachozitenga ni nukta moja chini, mbili juu, tatu juu. Waswahili walioandika kwa hati hiyo wanajua vizuri jinsi nukta zilivyobebeshwa kazi zaidi ili p ipate mahali pake. Kwenye karatasi nukta haihitaji kushikwa na chochote. Nje, kwenye upepo wa huku Trans Nzoia, nukta ya chuma haiwezi kuelea. Lazima uitilie kijiti cha kuishikilia, na kijiti hicho, kwa jicho linalosoma, ni mstari mpya. Wale wanaopaka majina kwenye magunia na milango ya malori kwa karatasi iliyokatwa wanaujua mtego huu kinyumenyume: ukikata O nzima, tumbo lake huanguka, kwa hiyo wanaacha vidaraja viwili vyembamba. Tumezizoea O zenye vidaraja hivyo mpaka hatuvioni tena. Msamaha huo tumeutoa sisi, wasomaji wa herufi za Kilatini. Siwezi kuutoa kwa niaba ya wenye hati nyingine.

Sasa mgongo. Herufi ya karatasini haina mgongo, ina uso tu. Ukiisimamisha uwanjani ikiwa wazi, bila ukuta nyuma, umeipa upande wa pili, na watu watafika upande huo. Watoto ndio watatangulia. Jaribu kwa waya. Kunja b, isimamishe mezani, kisha zunguka. Kutoka nyuma ni d. Ipindue, una p na q. Kwa herufi zetu ni mchezo wa dakika mbili, kwa sababu ni chache zinazogeuka kuwa nyingine. R ikigeuzwa ni R iliyokosewa, basi. Kwenye Mandombe kugeuza ndiyo kanuni yenyewe. Umbo moja la konsonanti hugeuzwa kushoto kwenda kulia kama kwenye kioo, hupinduliwa juu kwenda chini, na kila mkao ni konsonanti nyingine. Kwa hiyo sanamu ya Mandombe iliyo wazi huandika vitu viwili kwa wakati mmoja: anayetoka upande wa barabara anapata ulichokusudia, na anayetoka upande wa pili anapata silabi nyingine, au umbo ambalo kanuni za hati hazilikubali. Sikuliona hili nilipokuwa nikichora. Niliona tu siku ya waya, nilipokwenda upande wa fundi wa benchi kumwonyesha alichonyoosha, nikakuta kwamba kutoka kwake hata kile nilichokitaka mimi hakikuwepo.

Wengine wamekutana na mgongo huo na kuukwepa kwa njia zao. Huko Armenia, chini ya mlima Aragats, mwaka 2005 walisimamisha herufi zao zote 39 za jiwe la tufu kuadhimisha miaka 1,600 ya alfabeti yao. Msanifu alikuwa Jim Torosyan. Zimesimama uwanjani kila moja peke yake, na wageni hutafuta herufi ya jina lao wakapige picha. Mgongo upo, lakini Muarmenia hahitaji kuuliza uso ni upi. Ni herufi zake. Huko Batumi, Georgia, walijenga mnara wa mita 130 wenye mikanda miwili inayopanda kwa kujisokota, na juu ya mikanda hiyo wakabandika herufi 33 za Kijojia zikitazama nje. Ukizunguka mnara unaona nyuso tu. Ni suluhisho la kihandisi, safi, na kwangu mimi halina mvuto mkubwa. Ni ukurasa uliokunjwa kuzunguka nguzo.

Jiwe linanirudisha nyumbani. Tufu ni majivu ya volkano yaliyoshikana, na Mlima Elgon tunaouona asubuhi kutoka Kitale na kutoka Kimilili ni volkano iliyozimika, yenye miamba ya jamii hiyo. Ndani ya pango la Kitum tembo huingia gizani kung’oa chumvi ukutani kwa pembe, na alama za pembe zao zimejaa humo, mistari juu ya mistari. Sijawahi kuona mwandiko wenye haraka kama ule. (Najua si mwandiko. Lakini macho yangu hayakubali.)

Macho hayo hayo hunisumbua nikiwa Kakapel, upande wa Teso, Kaunti ya Busia, si mbali sana ukitoka Bungoma. Pale kuna mwamba wenye michoro ya vizazi tofauti vilivyochora juu ya kazi za waliotangulia: maduara na maumbo ya kijiometri, kisha ng’ombe, kisha alama nyingine. Mwaka 2004 palitangazwa kuwa mnara wa taifa. Hakuna anayezisoma alama zile kama maandishi, na pengine hazikuwa maandishi hata siku moja. Lakini kwa mchongaji Kakapel ina somo la wazi kabisa: michoro imedumu kwa sababu mwamba umeinama juu yake kama paa la nyumba, na mvua haiifikii. Chochote unachotaka kidumu nje, uliza kwanza maji yanapita wapi.

Kitale hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, kuanzia Machi hadi Novemba na mapumziko machache. Bomba la mraba la geji 16 lina ukuta wa milimita moja na nusu hivi, na kutu yake huanzia ndani, mahali rangi haifiki. Maji huingia kwenye tundu dogo la kiungo kilichochomelewa vibaya, yanashuka, yanakaa chini, na baada ya misimu kadhaa mguu wa herufi unakatika wakati juu kungali kunang’aa. Mafundi wazuri hutoboa tundu la kutolea maji chini kabisa, jambo linaloonekana la kipuuzi mpaka ulione bomba lililooza. Radi nayo inahitaji waya wa kuipeleka ardhini. Haya yote yana majibu na nisingependa kuyakalia sana.

Wizi je? Chuma kilichosimama bila mlinzi ni pesa iliyosimama. Wakenya hawahitaji kukumbushwa Januari 2022, nguzo za umeme mkubwa zilipoanguka, nchi ikakaa gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Ilifunguliwa miezi michache baadaye. Ikiwa nguzo za umeme hazisalimiki, sijui silabi itasalimika vipi. Kwa ajili hiyo nimemfikiria sana Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, mchongaji mkubwa kuliko wote waliotoka pande zetu hizi. Mnara wake wa Uhuru uliosimama Kampala tangu 1962 ni wa zege. Zege haiuzwi kwa kilo. Na zege, ukiimwaga kama bamba nene lenye herufi iliyozama upande mmoja tu, inakurudishia ukuta wa nyuma: herufi inakosa mgongo tena. Kwa hati iliyozaliwa ukutani, hilo si jambo baya. Pengine ni jambo la heshima zaidi kuliko bomba langu.

Kuna hofu nyingine isiyotibika kwa rangi. Siku ileile ya waya, mama anayechoma mahindi jirani na kibanda alikuja akaangalia, akaangalia tena, kisha akamuuliza fundi, si mimi, “Hii si ya Freemason?” Hakuwa anatania. Katika nchi hii, mwaka 1994, Rais Moi aliunda tume, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza ibada za shetani, na uvumi wa alama zenye siri haujawahi kwisha mitaani. Alama ambayo mtu hawezi kuisoma, na ambayo ni dhahiri imekusudiwa isomwe, inamfanya ajione amefungiwa nje ya mlango. Pambo la maua halimuudhi mtu hivyo. Nilimweleza mama kwamba ni hati ya Wakongo, na kwamba hapo imeandikwa silabi ya kwanza ya Kitale. Akanijibu, “Sasa si ungeandika Kitale?”

Ni swali zito kuliko lilivyoonekana. Wapo watakaouliza pia kwa nini nimekwenda hadi Kongo, ilhali karibu zaidi, kando ya ziwa, Kefa Ombewa na Paul Sidandi walibuni hati ya Kijaluo kati ya 2009 na 2012. Hati hiyo ina mikunjo mizuri na ningeijaribu kwa furaha. Lakini kuisimamisha Bungoma mjini, mahali ambapo Kibukusu hakina hati yake na huandikwa kwa herufi zilizokuja na misheni, kungekuwa na maana ambayo haihusiani na sanaa, hasa mwaka wa uchaguzi. Mandombe ina faida ya kuwa mbali vya kutosha isimchokoze mtu. Hiyo ni sababu ya woga kidogo, nakubali.

Na kaunti? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti mambo ya utamaduni na makumbusho. Inazipa pia udhibiti wa matangazo ya nje. Sanamu ya herufi inakaa katikati ya vifungu hivyo viwili. Ikisomeka, afisa ana haki ya kuuliza inatangaza nini. Isiposomeka, atauliza zaidi. Ningekuwa na uchaguzi wa mahali ningeomba bustani ya makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa Hugh Stoneham na ambayo yamekuwa ya taifa tangu 1974. Pale nje kuna nyumba za kiasili za makabila mbalimbali, na mgeni anaingia akiwa tayari kutazama kitu asichokijua na kusoma kibao kilicho kando yake. Kibao ni nusu ya kazi. Ningekiandika kirefu: sauti gani, hati ya nani, uso ni upi, na kwamba upande wa nyuma hausomwi.

Nilikuwa nimekwisha kuamua kutumia lile bamba la zege lisilo na mgongo, lakini fundi ameniharibia uamuzi huo. Wiki iliyopita nilimpelekea b ya waya, kwa kuwa nilitaka aelewe kwa herufi anayoijua kwa nini asinyooshe kitu. Tuliisimamisha kwenye tofali, ikitazama kusini, saa sita na nusu mchana. Akazunguka nyuma, akaona d, akacheka. Kisha akaacha kuiangalia b akaangalia chini. Kivuli.

Kitale iko digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana halina upande mmoja. Kuanzia Machi mwishoni hadi Septemba linapita kaskazini mwetu, miezi mingine linapita kusini. Mwezi Juni herufi ya mita tatu iliyotazama kusini itaangusha kivuli cha mita moja na robo hivi kwa mbele, kuelekea kwa msomaji, kichwa kikiwa kimeinama kwake: b itakuwa p. Desemba kivuli kitaangukia nyuma, na msomaji yule yule, bila kusogea, ataisoma b chini kama anavyoisoma juu. Huko North Carolina, Marekani, Jim Sanborn alitumia mwanga wa taa kumwaga herufi za Kikirili kutoka kwenye mwili wa shaba hadi chini, na ilibidi aweke taa ndani. Sisi taa tunayo bure, na inahama yenyewe mara mbili kwa mwaka.

Nilimwambia fundi kwamba kwa Mandombe hali itakuwa hivyo hivyo, ila silabi itabadilika kweli, na kwamba inabidi nikae na anayeisoma anieleze Juni itasema nini.

“Na kama itasema kitu kibaya, Mwalimu?”

Alikuwa tayari ameshika koleo.